Maswali Yenu: Umeme wa kwenye aurora unapimwaje?

Mwezi uliopita tuliandika kidogo kuhusu aurora, zile taa za kijani na nyekundu zinazocheza angani usiku kule Alaska, Kanada, Norwe na Sweden, tukagusia kwamba kuna wanasayansi kazi yao ni kurusha roketi ipite katikati ya hizo taa ili wapime uga wa umeme, yani nguvu ya umeme iliyotanda pale angani. Maswali yaliyokuja ni mengi kuliko tulivyozoea. Nimechagua haya, na pale swali lilipokuwa zito nimejibu kwa kirefu, mnivumilie, manake hili jambo nalipenda sana.

SWALI: Shikamoo. Mi niko kidato cha sita, PCM. Kwa nini warushe roketi inayokwenda juu dakika kumi alafu inaanguka, wakati setilaiti ziko maelfu huko juu? Si hasara hiyo? (Mwanafunzi, Tanga)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Angalia urefu kwanza. Aurora nyingi inawaka kuanzia kilomita 100 hivi kwenda juu, ya kijani inakolea kati ya 100 na 150, nyekundu inakaa juu zaidi, kupita 200. Puto la utafiti likijitahidi sana linafika 40, hapo hewa ya kulibeba imeshakwisha. Setilaiti nayo ukiishusha mpaka 150 ile hewa kidogo iliyopo inaipunguza mwendo na haichukui muda inaanguka, ndo maana nyingi unazikuta kuanzia 400 kwenda juu. Sasa pale katikati, ambapo umeme wa aurora unasukuma mkondo wa mamia ya kilomita na kupasha hewa joto, puto halifiki na setilaiti haikai. Imebaki roketi.

Alafu kuna suala la spidi. Setilaiti inakwenda kama kilomita 7 na nusu kwa sekunde, na utepe mmoja wa aurora unaweza kuwa na upana wa kilomita moja au hata pungufu, yani inaukata kabla hujapepesa jicho. Roketi kwa ubavu inakwenda kama kilomita moja tu kwa sekunde, inapanda inapima tabaka moja baada ya lingine, inafika kileleni, inashuka inapima tena. Rada za ardhini zipo na zinafanya kazi nzuri, pale Poker Flat, kituo cha kurushia roketi karibu na Fairbanks huko Alaska, ipo moja tangu 2007, ila rada inakupa wastani wa eneo pana, haikwambii kilichotokea ndani ya mita mia moja. Kwa hiyo hasara hapana. Dakika kumi zile hakuna chombo kingine kinachoweza kukupa.

SWALI: Mi ni fundi umeme wa majumbani. Multimita yangu ina waya mbili, nyekundu na nyeusi, nagusa huku nagusa huku napata volti. Sasa angani unagusa wapi na wapi, na ardhi iko kilomita 200 chini? Nieleze kifundi. (Fundi, Mwanza)

JIBU: Fundi wangu, hili ndo swali bora la mwezi huu.

Uga wa umeme ni volti kwa kila mita. Hauhitaji ardhi, unahitaji sehemu mbili tu ambazo umbali wake unaujua. Roketi ikishatoka kwenye hewa nzito inavua kichwa chake cha mbele, ubavuni zinafunguka fimbo, mita kadhaa kila upande, na kwenye ncha ya kila fimbo kuna tufe la chuma ukubwa wa chungwa. Hayo matufe mawili ndo nyekundu na nyeusi yako. Kule juu sehemu ya hewa imeshavunjika kuwa elektroni na ioni (chembe za hewa zilizong'olewa elektroni), inapitisha umeme, kwa hiyo kila tufe linachukua volti ya mahali lilipo. Unapima tofauti, unagawa kwa umbali, basi. Uga wa milivolti 30 kwa mita, ambao ni wa kawaida kabisa kwenye aurora, matufe yakiachana mita 5 unasoma milivolti 150. Betri ndogo ya rimoti ina 1500. Kwa kuisoma tu hakuna tabu, ilimradi kifaa chako kisinyonye mkondo, manake hewa yenyewe ni nyembamba haina mkondo wa kugawa, na hilo wanalitatua kwa kuweka saketi ya kwanza ndani ya tufe lenyewe, yenye ukinzani mkubwa mno wa kuingilia.

Tabu inaanza pale unapogundua kwamba roketi nayo imekuja na volti zake.

Volti za kwanza zinatoka kwenye mwendo. Ukikatiza sumaku na waya, waya inapata volti, dainamo unaijua vizuri kuliko mimi. Sasa roketi ya kilomita moja kwa sekunde ikikatiza sumaku ya dunia kule kaskazini inajitengenezea hadi milivolti 50 kwa mita. Umeona? Ulichokuja nacho kinaweza kuwa kikubwa kuliko ulichokifuata! Lazima ukitoe, na ili ukitoe lazima ujue spidi ya roketi na fimbo zimeelekea wapi hasa, ukikosea nyuzi moja tu ya mwelekeo unaharibu karibu milivolti moja kwa mita kwenye jibu. Ndo maana ndani ya kile chombo utakuta GPS, sensa ya sumaku, jairo (kifaa cha kuhisi chombo kinavyozunguka), wengine wanaweka hadi kamera ya kutazama nyota, vyote hivyo kwa ajili ya hesabu moja ya kutoa.

Za pili zinatoka kwenye ngozi ya tufe. Metali mbili tofauti, au hata metali ileile yenye uchafu upande mmoja, zinatofautiana volti kidogo, na hiyo "kidogo" ni makumi ya milivolti, yani sawasawa na kile unachokitafuta. Kwa hiyo matufe yanapakwa grafaiti, ule unga mweusi wa kwenye penseli, ili uso uwe wa aina moja kila mahali, na wanayashika kwa glavu tu manake hata mafuta ya kidole yanabadilisha kipimo. Na bado tofauti inabaki. Sasa sikia walivyoimaliza: chombo kinazungushwa. Kinazunguka polepole, kama mara moja kwa sekunde au pungufu, na fimbo zinazunguka nacho. Uga wa angani wenyewe hauzunguki, umekaa palepale, kwa hiyo kwenye rekodi unatokea kama wimbi, unapanda unashuka mara moja kwa kila mzunguko. Zile volti za ngozi ya tufe zimebebwa na tufe, zinakwenda nalo kila linakokwenda, kwa hiyo kwenye rekodi ni mstari ulionyooka. Unachukua wimbi, unaacha mstari. Mi naona hii ni moja ya akili nzuri kabisa zilizowahi kutumika kwenye vipimo, na haikuhitaji kifaa cha ziada hata kimoja.

Zipo na kasoro zingine, tufe likipita kwenye kivuli cha roketi, au kwenye ule mkia wa hewa iliyovurugwa nyuma ya roketi, rekodi inaruka na inabidi vipande hivo vitupwe. Msweden Ulf Fahleson ndo aliyeziandika hesabu za haya yote kwa utaratibu mwaka 1967, na huko Marekani, chuo kikuu cha California pale Berkeley, Forrest Mozer na wenzake wakazifanyia kazi kwa roketi na baadaye setilaiti, na njia ni ileile mpaka leo.

Na wanachokikuta ni kitu utakielewa wewe kuliko wengi. Mtu angedhani pale taa inapong'aa zaidi ndo penye uga mkubwa. Mara nyingi ni kinyume chake, roketi ikiingia ndani ya utepe unaong'aa uga unashuka, ikitoka pembeni kwenye giza uga unapanda. Sababu ni kanuni ya Omu. Aurora inawashwa na elektroni zinazomwagika kutoka juu, zikigonga hewa zinaivunja kuwa ioni nyingi zaidi, ukinzani unashuka, na ukinzani ukishuka mkondo uleule unahitaji volti chache. Giza la pembeni ndo lenye volti nyingi. Ukitazama kwa macho kutoka chini huwezi kulijua hilo kamwe, na kamera iwe nzuri vipi haikuonyeshi.

SWALI: Habari za huko nyumbani. Mi naishi Tromsø. Mwaka 2019 watu wa huku walipiga picha mawingu ya ajabu usiku, ya bluu, kijani na zambarau, wengine wakasema ni viumbe wa anga. Baadaye tukaambiwa ni roketi. Roketi inaachaje mawingu ya vile? (Dada yenu, Norwe)

JIBU: Njema dada, na pole na baridi. Ile ilikuwa tarehe 5 Aprili 2019, roketi mbili za NASA zilizorushwa kutoka Andøya, kusini kidogo ya hapo kwenu, mradi wao uliitwa AZURE. Na hii ni njia ya pili ya kupima uga wa umeme, haina fimbo wala tufe.

Unamwaga mvuke wa bariamu, ambayo ni metali, huko juu, wao walimwaga kati ya kilomita 115 na 250 hivi. Jua likiwa limeshazama kwenu chini lakini kule juu bado linapiga, mwanga wake unazing'oa elektroni za bariamu ndani ya muda mfupi na wingu linageuka zambarau. Kuanzia hapo lile wingu lina chaji, upepo hauliamrishi tena, linakwenda linakosukumwa na uga wa umeme pamoja na sumaku ya dunia. Kamera mbili tatu kutoka sehemu tofauti zinapiga picha, unapima linakwenda kwa spidi gani, hesabu inakupa uga. Kwa sumaku ya huko kwenu wingu likisogea kilomita moja kwa sekunde, ujue uga ni kama milivolti 50 kwa mita. Zile rangi zingine ni za kemikali ambazo hazikupata chaji, hizo zinafuata upepo wa kawaida, kwa hiyo kwenye picha moja unauona upepo na umeme vimeachana njia. Wajerumani wa taasisi ya utafiti ya Max Planck akina Gerhard Haerendel walianza mchezo huu miaka ya 1960. Ubaya wake ni kwamba unahitaji jua la machweo au mapambazuko na anga safi, usiku ambao jua halifiki hata huko juu hauna kazi.

SWALI: Niliona kwenye video wanasayansi wa Alaska wamekaa usiku kucha na roketi imesimama, saa inahesabu inafika dakika chache kabla ya kurusha alafu inasimamishwa, na hivo hivo wiki nzima. Kwani wanangoja nini na hiyo pesa inakwenda? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Wanangoja aurora ije mahali roketi itakapokuwa, siyo mahali ilipo sasa. Roketi inachukua dakika kadhaa kufika juu, na utepe wa aurora ndani ya dakika hizo unaweza kuhama au kufifia kabisa. Kwa hiyo wanaangalia setilaiti iliyo kilomita milioni moja na nusu upande wa jua, inayowapa taarifa ya upepo wa jua, yani chembe zenye chaji zinazopulizwa kutoka kwenye jua, kama nusu saa hadi saa nzima kabla haujafika, wanaangalia sensa za sumaku za ardhini, wanaangalia kamera zilizotegwa kaskazini zaidi kwenye vijiji kama Fort Yukon na Venetie huko njia ya roketi inakopita. Anga huko ikiwa na mawingu, hakuna kurusha, hata kama juu ya kichwa chako nyota zinawaka. Ndo maana saa inasimamishwa pale karibu na mwisho, kila mtu yuko kwenye kiti chake na hedseti, mpaka kiongozi wa utafiti aseme sasa.

Na roketi yenyewe nje kuna nyuzi 30 au 40 chini ya sifuri, kwa hiyo inafungiwa ndani ya boksi la povu jepesi, lile jeupe la kupakia TV, linapulizwa hewa ya moto. Siku ya kurusha hawalitoi, roketi inapasua boksi inaondoka. Roketi ni moja, ukiirusha kwenye anga tupu umepoteza kazi ya watu ya miaka. Kusubiri wiki mbili au tatu ni rahisi kuliko hilo.

SWALI: Eti ni kweli roketi ya kupima aurora iliwahi kukaribisha vita ya nyuklia? Babu yangu anabisha. (Kijana, Mombasa)

JIBU: Mwambie babu shikamoo, ila kisa ni cha kweli. Tarehe 25 Januari 1995 wanasayansi wa Norwe na Marekani walirusha roketi kubwa, Black Brant XII, kutoka Andøya kwenda kuchunguza aurora juu ya Svalbard, visiwa vya Norwe kaskazini kabisa. Ilipanda kupita kilomita 1400. Rada ya Urusi ikaiona, na kwa macho ya rada ilifanana na kombora lililorushwa na nyambizi ya Marekani. Lile begi la rais Yeltsin la amri za nyuklia likafunguliwa. Norwe walikuwa wameshatoa taarifa mapema kwa nchi nyingi, Urusi ikiwemo, lakini taarifa haikuwafikia waliokuwa kwenye rada. Baada ya dakika chache ikaonekana haielekei Urusi, mambo yakaisha, na roketi ikaanguka karibu na Svalbard kama ilivyopangwa. Tangu hapo utaratibu wa taarifa umekazwa sana.

SWALI: Kuna habari ya 2024 kwamba wamegundua uga mpya wa umeme wa dunia, nguvu yake nusu volti tu. Nusu volti inafanya nini jamani? (Msomaji, Dar)

JIBU: Ilikuwa roketi inayoitwa Endurance, ilirushwa kutoka Ny-Ålesund huko Svalbard tarehe 11 Mei 2022, ikafika kilomita 768, matokeo yakatoka Agosti 2024 chini ya Glyn Collinson wa NASA. Uga huu ulishakadiriwa kwa hesabu tangu miaka ya 1960 ila ulikuwa mdogo mno kupimika. Na angalia udogo wenyewe: kati ya kilomita 250 na 768 jumla ya tofauti ni volti 0.55. Hiyo ukiigawa kwa mita huwezi kuiona kwa matufe na fimbo kabisa. Kwa hiyo walifanya kingine, walipima nishati ya elektroni zinazong'olewa na mwanga wa jua wenye urefu wa wimbi unaojulikana, elektroni hizo zinazaliwa na nishati maalum, sasa kadri roketi inavyopanda unaona zimepungukiwa kiasi gani, na huko kupungukiwa ndo volti zenyewe.

Kazi yake siyo ndogo hata kidogo. Elektroni ni nyepesi zinataka kukimbilia juu, ioni ni nzito zinataka kukaa chini, uga huo unatokea ili zisiachane, na unapozivuta ioni juu, zile za haidrojeni zinapata nguvu ya kama mara 10.6 ya uvutano wa dunia. Hewa ya dunia inavuja kwenda anga za mbali kupitia kwenye ncha za dunia, na injini yake ni hiyo nusu volti.

SWALI: Sisi wa Malindi tuna yale majukwaa ya Waitaliano kule Ngomeni baharini. Roketi kama hizi ziliwahi kuruka hapa kwetu? Na huku kuna umeme wa angani ama ni wa kaskazini pekee? (Mzee wa Malindi)

JIBU: Shikamoo mzee. Ziliruka, na mapema. Kwenye mradi wa San Marco wa profesa Luigi Broglio, roketi ndogo za utafiti aina ya Nike Apache zilirushwa kutoka jukwaa la Santa Rita mwaka 1964, kabla setilaiti yoyote haijatoka hapo kwenu. Setilaiti ya kwanza ikafuata Aprili 1967, na setilaiti ya Uhuru ya Desemba 12, 1970 nadhani unaikumbuka mwenyewe.

Na umeme upo. Aurora hakuna, manake mistari ya sumaku kwenu imelala, haisimami wima kama ya kaskazini, elektroni za kutoka juu hazina njia ya kumwagika. Lakini uga upo, ni mdogo sana ukilinganisha na wa kaskazini, kama nusu milivolti kwa mita mchana, na kwa sumaku ya kwenu iliyolala hiyo inatosha kuinua ionosfea yote, lile tabaka la juu lenye elektroni na ioni, juu kwa mita 15 hadi 20 kwa sekunde. Setilaiti ya mwisho kurushwa Ngomeni, San Marco D/L ya tarehe 25 Machi 1988, ilibeba kifaa cha kupima uga huohuo, njia ni ileile ya matufe mawili niliyomweleza fundi hapo juu, na ilizunguka chini chini juu ya ikweta mpaka ikaanguka mwisho wa mwaka huohuo.

Mahali ambapo uga huo mdogo unawagusa nyie moja kwa moja ni baada ya magharibi. Jua likizama uga unapanda ghafla kwa muda mfupi, ionosfea inanyanyuliwa, chini yake panaingia matundu ya hewa yenye elektroni chache yanayopanda juu kama mabomba marefu, na mawimbi ya GPS yakipita humo yanatetemeka. Vifaa vya GPS vya upimaji wa usahihi mkubwa vinapoteza setilaiti kuanzia kama saa mbili usiku hadi usiku wa manane, hasa Machi na Aprili, alafu tena Septemba na Oktoba, na miaka jua likiwa kali ndo inazidi. Kijana wako wa baharini akiona kifaa chake kinayumba saa tatu usiku mwezi wa nne na hakuna wingu, asikitupe, asubiri ifike saa sita saba usiku akijaribu tena.